Ushirikina, sadaka na shukrani: dhana potofu tunazobeba mpaka kanisani

Mkristo wa Dar es Salaam ukimuuliza kama ni mshirikina, ataruka kimanga. Hirizi hana, kwa fundi haendi, na bundi akilia juu ya paa anakemea kwa jina la Yesu na kurudi kulala. Sasa mwulize kwa nini mwezi uliopita alipeleka bahasha ya shukrani kanisani. Wengi watakujibu vizuri tu. Lakini wapo watakaosema, bila kuona tatizo lolote, "Ningeacha kutoa, mambo yangeniharibikia." Jibu hilo lina harufu ileile ya hirizi, na kwa maoni yangu ni la hatari kuliko bundi.

Dhana: Ushirikina ni mambo ya kijijini, au ya watu ambao hawajaokoka

Shirika la utafiti la Pew Research Center lilihoji zaidi ya watu 25,000 katika nchi 19 za Afrika kusini mwa Sahara na kutoa matokeo mwaka 2010. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nne ambako zaidi ya nusu ya waliohojiwa walisema kafara kwa mababu au mizimu inaweza kumkinga mtu na mabaya. Na karibu wote hao walijitambulisha kuwa ni Wakristo au Waislamu. Kwa hiyo waumini wamo, tena tele.

Mjini tunazo zetu. Asubuhi usiombe kukopeshwa kabla duka halijauza, utaleta nuksi. Uchafu hautolewi nje usiku. Kijana akizungusha barua za kazi miaka miwili bila kuitwa, ndugu wanakubaliana kwamba nyota yake imechukuliwa. Hilo la nyota sasa limehamia kwenye matangazo ya mikesha: njoo Ijumaa urudishiwe nyota yako. Nyota ya Bethlehemu iliwaongoza mamajusi kwa mtoto Yesu. Hakuna mahali katika Biblia ambapo Mkristo anaambiwa anayo ya kwake inayoweza kuibwa na shangazi.

Dhana: Hela ikipotea dukani ni chuma ulete, na Biblia kwenye droo itaizuia

Hili la chuma ulete, uchawi unaodaiwa kuvuta hela za mwenye duka, wafanyabiashara wengi wa Dar wanalijua. Anakuja mteja na noti ya elfu kumi iliyokunjwakunjwa, ananunua kiberiti, anachukua chenji na kuondoka, halafu jioni mauzo hayalingani. Dawa zake zinajulikana pia: kipande cha mkaa kwenye droo, limau, chumvi ya mawe. Aliyeokoka anaondoa mkaa na kuweka Agano Jipya dogo, kisha anaona amehama kambi.

Mtazame Mangi, mwenye duka wa mtaani, kwa siku moja tu. Saa nne anatoa elfu mbili droo ileile anunue chapati na supu. Saa saba mtoto anakuja kuchukua hela ya daftari la shule. Mchana kamati ya harusi ya binamu inapiga simu, anatuma mchango kwa simu na kujilipa kutoka kwenye mauzo. Jirani anachukua unga kilo mbili, "andika", na daftari la madeni liko nyumbani. Msambazaji wa soda analipwa taslimu bila risiti. Usiku akihesabu anakuta pengo, na anayekumbukwa ni yule mama wa kiberiti.

Sina haja ya kubishana na mtu kuhusu kuwepo kwa nguvu za giza. Biblia yenyewe haizikani. Ila Agano Jipya lililowekwa mahali pa mkaa linafanya kazi ya mkaa. Halijasomwa, limetegwa. Mangi akitenganisha hela ya duka na ya mfukoni kwa miezi miwili, akaandika kila kinachotoka, atajua kama kuna pengo la kumwombea. Na itakuwa vizuri zaidi akimwomba radhi yule mama, maana jina likishatoka mtaani halirudi.

Dhana: Mafuta, maji na stika vina nguvu vyenyewe, mradi vimeombewa na mtumishi

Watetezi wa dhana hii wana aya zao, na si za kubeza. Matendo 19 inasimulia leso zilizotoka mwilini mwa Paulo zikiwaponya wagonjwa. Yakobo 5 inasema mgonjwa apakwe mafuta. Sawa. Lakini sura ileile ya Matendo inaendelea na wana saba wa Skewa waliojaribu kulitumia jina la Yesu kama maneno ya kufungulia mlango; walitoka nyumba ile uchi na wamejeruhiwa. Na Yakobo anawaita wazee wa kanisa waje waombe nyumbani kwa mgonjwa. Hasemi mgonjwa akapange foleni anunue chupa.

Visa viwili vya Agano la Kale vinapaswa kusomwa kila mahali mafuta yanapouzwa. Cha kwanza kiko 1 Samweli 4. Waisraeli walipopigwa na Wafilisti walilileta Sanduku la Agano vitani liwaokoe. Kelele za shangwe zikatikisa nchi, kisha wakafa askari 30,000 na Sanduku lenyewe likatekwa. Kitu kitakatifu kuliko vyote walivyokuwa navyo, na hakikufanya kazi kama kinga. Cha pili ni nyoka wa shaba. Aliagizwa na Mungu mwenyewe, akaponya watu kweli jangwani. Karne kadhaa baadaye watu walikuwa wakimfukizia uvumba, na mfalme Hezekia akamvunjavunja; 2 Wafalme 18:4 inamsifu kwa hilo. Kama kitu kilichoamriwa na Mungu kinaweza kugeuka sanamu, stika ya mlangoni haina msamaha wa pekee.

Kanisa Katoliki linasema jambo hilo hilo katika Katekisimu yake, namba 2111: kudhani kwamba sala au ishara takatifu inafanya kazi kwa kutendwa tu, bila moyo unaotakiwa, ni kuangukia ushirikina. Rozari inayoning'inia kwenye kioo cha daladala ni ya kusalia. Haishiki breki.

Jioni ya Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwenye msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Hawakuwa wajinga, wengi walikuwa watu wenye mzigo wanaotafuta pa kuutua. Ndiyo maana anayewaambia kwamba nguvu iko kwenye mafuta anabeba dhima kubwa kuliko wao.

Dhana: Usipotoa shukrani, Mungu atachukua alichokupa

Hapa ndipo penye kiini, kwa sababu dhana hii inavaa nguo za ibada. Mtu anapata kazi, anaambiwa mshahara wa kwanza wote upelekwe madhabahuni, la sivyo kazi itamponyoka. Mwingine amejifungua salama na anahimizwa "kuifunga" baraka kwa sadaka ya shukrani. Shukrani inakuwa kama ada ya ulinzi shirikishi: usipolipa mwezi huu, usishangae wakivunja.

Luka 17 inajibu moja kwa moja. Wakoma kumi walitakaswa, akarudi mmoja kushukuru, naye alikuwa Msamaria. Yesu aliuliza wako wapi wale tisa. Swali lina uchungu ndani yake, lakini soma mpaka mwisho uone kisichokuwepo: ukoma wa wale tisa haukurudi. Hakuna aliyefuatwa njiani na kunyang'anywa ngozi yake safi. Walikosa kurudi miguuni pa aliyewaponya na kusikia "imani yako imekuokoa", na hiyo ni hasara tosha, ila uponyaji walibaki nao.

Zaburi 50 inaweka wazi zaidi kwamba Mungu hali sadaka zetu. "Kama ningekuwa na njaa singekuambia, maana ulimwengu ni wangu, navyo viujazavyo." Mara baada ya hapo, zaburi hiyo hiyo inaagiza watu wamtolee Mungu dhabihu za kushukuru. Kwa hiyo sadaka haijafutwa. Kilichofutwa ni wazo kwamba inamlipa au kumfunga mikono.

Watoto wa kipaimara katika sharika za Kilutheri hukariri maelezo ya Martin Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529. Humo anataja mwili, macho, masikio, nguo, viatu, chakula, nyumba, na kusema Mungu anatupa vyote kwa wema wake wa kibaba pasipo sisi kustahili, na kwamba kwa hayo yote imetupasa kumshukuru. Angalia mpangilio: kupewa kumekwisha, ndipo asante inafuata. Anayetoa ili asinyang'anywe ameugeuza kichwa chini miguu juu.

Ukitaka kuona shukrani isiyo na hofu, nenda kwenye mnada wa mavuno. Ibada imekwisha, watu wametoka nje, mzee wa kanisa kageuka dalali. Kuna jogoo aliyefungwa miguu, mkungu wa ndizi, sado ya maharage, miwa mitatu. Jogoo anafika bei ambayo Kariakoo ungenunua jogoo wawili na chenji ikabaki. Aliyemnunua anamrudisha auzwe tena, kicheko kinapanda, na bibi mmoja anazawadiwa jogoo ambaye hakuomba. Sisemi kila mnada uko hivyo. Iko pia ya kutajana majina na kuoneshana magari. Lakini anayemrudisha jogoo kwa kicheko hajamnunua ili asifukuzwe kazi.

Dhana: Usishuhudie mapema, utajikosesha

Mtu kanunua kiwanja Chanika, hasemi mpaka nyumba iezekwe. Mimba inafichwa, safari inafichwa, kazi mpya inafichwa, kisha ushuhuda unatolewa miaka mitatu baadaye jambo likiwa halina tena hatari. Busara ya kutunza siri zako ni haki yako, na hakuna anayekudai utangaze namba za kiwanja. Ila kama kinachokufunga mdomo ni hofu ya kijicho cha jirani, umempa jirani mamlaka makubwa mno juu ya zawadi ya Mungu. Balaamu, aliyeitwa kwa ujira aje kuwalaani Israeli, alikiri mwenyewe kwamba hapana uchawi juu ya Yakobo (Hesabu 23:23).

Dhana: Kumshukuru daktari kunampunguzia Mungu utukufu

Paulo anawashukuru Priska na Akila kwa kuhatarisha shingo zao kwa ajili yake (Warumi 16:4). Mshukuru nesi.

Dhana: Kila balaa lina mtu nyuma yake

Mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu 18, na Yesu alikataa kusema walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Kwa yule kipofu wa Yohana 9 alisema hakutenda dhambi, wala wazazi wake. Mara mbili anapewa nafasi ya kutaja mbaya, na mara mbili haitumii. Sisi tunaitumia haraka. Katika Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu waliyoyapata kwa kupikia kwenye moshi maisha yao yote. Anayetaja jina la bibi kwenye maombi ya kufunguliwa kule Mbezi au Tabata akumbuke kwamba jina hilo linaweza kufika kijijini kwa simu kabla ibada haijaisha.

Hubaki swali la vitendo, nalo huulizwa kwa sauti ya chini: zile chupa zilizopo kabatini zifanyweje? Nyingi ni mafuta ya kawaida ya kula, na kama hayajachacha yatakaanga samaki vizuri tu. Anayeona mkono unatetemeka kuyamimina kikaangoni azungumze na mchungaji wake kuhusu huo mtetemeko kwanza, samaki watasubiri.