Je, wajua kwa nini samoni wa kizimbani huzunguka duara?

Koroga uji kwa mwiko: wote unazunguka upande mmoja, katikati pakabaki shimo. Ndivyo samaki aina ya samoni wanavyoonekana mchana ndani ya vizimba vya wavu vya baharini huko Norway. Vizimba hivyo vinaelea kama vile vya sato katika Ziwa Victoria, ila ni vikubwa mno: mzingo unafika mita 160, na sheria ya nchi inaruhusu samaki hadi 200,000 katika kimoja.

Wote hao hawana kiongozi, na hilo ndilo linalonivutia zaidi. Kila samaki anamjua jirani yake tu. Anamwona kwa macho, na kwa mstari wa hisi ulio ubavuni anasikia maji yakisukumwa na mkia wa mwenzake. Hataki kugongana naye, wala hataki kuachwa. Akikaribia wavu anapinda kidogo, jirani naye anapinda, na wa nyuma yao vilevile. Wavu hauishi, kwa hiyo na kupinda hakuishi. Mwishowe linatokea duara. Wengi wakishashika upande mmoja, anayekwenda kinyume anakumbana na kundi zima usoni.

Mwaka 1987 mtaalamu wa kompyuta Craig Reynolds wa Marekani alionyesha kwa kompyuta kwamba kanuni tatu zinatosha kuunda kundi: usimgonge mwenzako, fuata mwendo wake, usitengane na wenzako. Mwaka 2009 mtafiti Martin Føre na wenzake walichapisha modeli, yaani mfano wa kompyuta, ya samoni wa vizimbani, ambamo kila samaki wa kompyuta anaitikia pia wavu, mwanga, joto la maji na chakula.

Mfugaji anaihitaji sana kazi hii. Kamera yake inaona samaki wachache tu, waliobaki wako gizani chini. Akijua kundi lenye afya linavyotakiwa kwenda, atashtuka mapema likienda vingine. Lakini si kila duara linalovunjika ni ugonjwa. Mkondo ukiwa mkali, samoni huacha kuzunguka, wakaelekeza vichwa kunakotoka maji na kuogelea papo hapo. Usiku nao hupunguza mwendo na kutawanyika, kwa kuwa hawaonani. Zamisha taa ndani ya kizimba, nao wataendelea kuogelea pamoja usiku kucha.