Je, wajua kwa nini kambare hunaswa kwa sabuni?

Katika Ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, wavuvi wa mshipi wanaomsaka vundu hubeba kitu ambacho kwa kawaida ungekikuta kando ya beseni la nguo: mche wa sabuni ya buluu. Wanaukata vipande, wanachomeka kipande kwenye ndoana, wanatupa majini. Vundu ni jamaa mkubwa wa kambare, anaweza kupita kilo 50, na sabuni hiyo anaifuata.

Nilipolisikia hilo mara ya kwanza, jibu nilikuwa nalo mfukoni: harufu. Nimekua nikiambiwa kwamba kambare ni mla mizoga na pua yake hufuata chochote kinachonuka, ndiyo maana watu huacha utumbo wa kuku uvunde siku mbili kabla ya kwenda bwawani. Na zile sharubu? Nilizichukulia kama fimbo za kipofu, za kupapasia tope. (Wapo pia wanaoamini kwamba zinachoma. Hazichomi. Kinachochoma ni mwiba wa pezi la ubavuni, na ukishakuchoma mara moja utajifunza kumshika samaki huyu vizuri.) Haya niliyaamini kwa miaka, tena nikiyafundisha wengine. Kumbe nilikosea kwenye pua, nikakosea na kwenye sharubu.

Ukweli ni kwamba sharubu za kambare ni ndimi. Si kwa mfano wa maneno. Zimejaa vinundu vya kuonjea vilevile vilivyo kwenye ulimi wako. Na havikuishia kwenye sharubu. Vimetapakaa midomoni, kichwani, ubavuni, kwenye mapezi, hadi mkiani. Samaki wa jamii hii aliyechunguzwa sana, kambare wa Marekani aitwaye kisayansi Ictalurus punctatus, anakadiriwa kuwa na vinundu zaidi ya 100,000. Binadamu mwenye ulimi mzuri hafikishi hata 10,000. Kambare hana magamba, kwa hiyo ngozi yake yote iko wazi kwa maji. Ni ulimi unaoogelea.

Wahenga walisema nyumba ya kambare baba ana sharubu, mama ana sharubu, mtoto naye ana sharubu, wakimaanisha nyumba isiyo na mkubwa. Wangeweza pia kusema ni nyumba ambayo kila mtu anaonja mboga kabla haijafika mezani.

Hapa mtu atauliza: majini kuna tofauti gani kati ya kunusa na kuonja, ikiwa vyote ni vitu vilivyoyeyuka? Swali zuri, na ndilo lililonipotosha. Tofauti iko kwenye njia ya habari. Pua ina mshipa wake wa fahamu na sehemu yake ya ubongo. Vinundu vya ladha vina mishipa mingine, inayoishia kwingine. Kambare anazo njia zote mbili. Mwaka 1967 mtafiti John Bardach na wenzake walichapisha jaribio lao kuhusu kambare wa Marekani: hata walipoziba njia ya pua, samaki walikifikia chakula kilichokuwa mbali. Walipoondoa vinundu vya ladha vya upande mmoja tu, samaki walianza kuzunguka kuelekea upande uliobaki mzima.

Kwa nini wazunguke? Fikiria uko uwanjani usiku wa giza totoro, umefungwa kitambaa machoni, na mahali fulani kuna moto wa kuni. Shavu la kushoto linahisi joto kuliko la kulia, basi unageuka kushoto. Ukizidisha, la kulia ndilo linapata moto, unarudi kidogo. Mashavu yakilingana, unajua moto uko mbele ya pua yako, unatembea. Sasa chukua shavu la kulia ulitie ganzi. Lile la kushoto litaendelea kukuambia "joto liko huku", nawe utageuka kushoto, na kushoto tena, mpaka ujikute unachora duara. Kambare anafanya hivyohivyo, ila badala ya mashavu ana sharubu za pande zote mbili na ubavu mzima, na badala ya joto kuna utomvu wa nyama unaosambaa majini.

Nilijaribu toleo la maskini nyumbani, na kambare hai niliyemnunua sokoni. Nilimwacha atulie kwenye beseni, kisha nikasogeza kipande cha ini taratibu hadi karibu na mkia, nyuma kabisa ya macho yake madogo. Hakupapasa. Aligeuka kwa mkupuo mmoja na ini likatoweka, pamoja na nusu ya maji yaliyohamia sakafuni.

Lakini tusivuke mpaka. Majaribio ya mwaka 1967 yalifanywa kwenye matangi, kwa samaki wa Amerika, si kwa kambare wetu wa Afrika, Clarias gariepinus, mwenye sharubu nane. Ladha nayo si mbinu pekee ya ukoo huu wenye spishi zaidi ya 3,000. Kambare mkubwa wa Ulaya, Silurus glanis, amepimwa gizani akifuata mkondo mdogo ambao samaki mwingine ameuacha nyuma yake alipopita. Na kuhusu sabuni, wavuvi husema kinachomvuta vundu ni mafuta ya wanyama yaliyotumika kuitengeneza, ilhali maabara zimeonyesha zaidi kwamba vinundu vya kambare huchangamkia asidi za amino, yaani vijenzi vya protini, ambavyo sabuni si mahali pa kuvitafuta. Kwa hiyo upande wa sabuni tunategemea ushahidi wa wavuvi.

Kwa anayevua, somo la asidi za amino ni pesa mkononi. Ini au nyungunyungu aliyekaa majini muda mrefu huwa ameshachujwa. Kinachobaki kwenye ndoana ni kama majani ya chai yaliyochemshwa mara tatu. Badilisha chambo kabla hakijapauka. Na kuvundisha utumbo, kwa maoni yangu, ni kuwatesa majirani bure.

Jambo moja la mwisho linahusu chelezo, kile kiboya kinachoelea juu ya ndoana. Ubongo wa kambare una ofisi mbili za ladha. Ya kwanza, tuiite bawabu, hupokea habari za sharubu na ngozi, na kazi yake ni kutafuta na kuokota. Ya pili, mhasibu, hupokea habari za ndani ya kinywa, na ndiyo inayoamua kumeza. Mtafiti Jelle Atema alionyesha mwaka 1971 kwamba ukiharibu ile ya pili, samaki huokota chakula lakini hakimezi. Hivyo chelezo kikitikisika bila kuzama, huenda chambo kimekwisha pita kwa bawabu na sasa kiko mbele ya mhasibu. Mimi huwa navuta mapema mno, na mhasibu anakitema.