Kunukuliwa sana si kuthibitisha: dhana potofu kuhusu tafiti za bega bandia

Wiki hii nimeisikia tena kwa daktari anayesomea ubingwa wa mifupa: "Makala hii imenukuliwa mno, kwa hiyo ushahidi wake ni mzito." Imenichosha, na hapa naijibu kwa maandishi.

Dhana: Makala inayonukuliwa kuliko zote ndiyo yenye ushahidi mkubwa kuliko zote.

Sivyo. Chukueni makala ya Constant na Murley ya 1987. Haikulinganisha upasuaji na kitu chochote. Ilitupa kipimo cha alama 100: maumivu 15, shughuli za kila siku 20, mwendo wa bega 40, nguvu 25. Anayepima wagonjwa wake kwa kipimo hicho hana budi kuitaja. Sirveaux na wenzake, mwaka 2004, waliripoti mabega 80 yaliyowekewa kiungo cha kinyume (bega bandia ambalo tufe huwekwa kwenye bapa la bega na kikombe kwenye mfupa wa mkono), bila kundi la kulinganisha. Wanatajwa kila mahali kwa sababu waliyapanga kwa madaraja manne yale mapengo yanayolika kwenye bapa la bega, chini ya tundu la kiungo, pale kiungo bandia kinapokwaruza mfupa. Daraja ndilo linalonukuliwa.

Sasa waasisi wenyewe wa bega bandia la kisasa. Neer wa Marekani, 1955: wagonjwa 12. Grammont wa Ufaransa, aliyebuni kiungo cha kinyume, 1987: wanane. Nawaheshimu wote wawili kwa moyo wote. Grammont alikisogeza kitovu cha mzunguko ndani na chini, deltoidi, ule msuli mkubwa unaofunika bega, ikapata nguvu ya kuinua mkono hata pale misuli midogo inayozungusha bega imechanika isiweze kushonwa. Wagonjwa wengi wanachana nywele leo kwa sababu ya wazo hilo. Lakini wagonjwa wanane hawawezi kukwambia kiungo kitadumu miaka mingapi. Hilo nendeni mkalitafute kwenye sajili za kitaifa za viungo bandia, kama ya Australia. Tena makala ya zamani imekuwa na miongo ya kunukuliwa, ya juzi haijapata nafasi hiyo hata kama ni bora.

Ninachowaomba wanafunzi wangu ni hiki: kabla ya muhtasari, someni sehemu ya mbinu, kalamu mkononi. Pembeni mwandike mabega mangapi, yamefuatiliwa muda gani, wagonjwa wangapi hawakurudi, wamelinganishwa na nani. Asiyeyajua hayo manne asinisomee hitimisho kwenye kikao cha asubuhi.

Dhana: Mzee akivunjika bega, tafiti zinataka apasuliwe.

Jaribio la PROFHER la Uingereza, 2015, liligawa kwa bahati nasibu wagonjwa 250 waliovunjika juu ya mfupa wa mkono, karibu na bega, vipande vikasogea, wengine wapasuliwe, wengine wafungiwe mkono tu. Baada ya miaka miwili hapakuwa na tofauti ya maana. Waliovunjika na bega likachomoka pia hawakuhusishwa, kwa hiyo msiwapime kwa jibu hilo.

Dhana: Kiungo cha kinyume ni ubunifu wa Wamarekani.

Kilizaliwa Dijon, Ufaransa, 1985. Marekani walikiruhusu 2003.

Dhana: Bega bandia ni jambo la juzi.

Péan, daktari mpasuaji Mfaransa, aliweka la platinamu na mpira mjini Paris mwaka 1893, kwa mgonjwa ambaye kifua kikuu kilikuwa kimemla mfupa. Maambukizi yalirudi, na baada ya miaka kama miwili likatolewa. Kwa sababu ya maambukizi hayohayo, mimi mgonjwa wa bega bandia namuuliza kwanza habari za vidonda, meno mabovu na sukari, ndipo niitazame picha yake.