Rozela haifiki kwenye uboho

Sema tu pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kwamba nyumbani kuna mtu anayewekewa dripu za kemo, dawa za saratani. Hutoki mikono mitupu, ili mgonjwa aongeze damu: huyu atakupimia rozela, yule atakuchagulia bitiruti, wa tatu atakwambia uchemshe majani ya parachichi. Nia yao njema, sibishi.

“Chekundu huongeza damu.” Wekundu wa rozela ni rangi ya ua. Wekundu wa damu unatokana na himoglobini, yenye madini ya chuma. Tena kwa mgonjwa wa kemo, mara nyingi kilichopungua si chuma. Dawa hupiga seli zinazogawanyika haraka, na uboho wa mifupa, unakotengenezwa damu, umejaa seli hizo. Kiwanda kikizorota, kurundika malighafi mlangoni hakusaidii. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo hupungua taratibu. Chembe nyeupe zinazopambana na bakteria huishi muda mfupi mno, nazo hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Sisi tunafunua kope kutazama wekundu, kumbe mtu anaweza kuwa na macho mazuri kabisa na kinga imekwisha.

“Mitishamba haina madhara.” Unalijua lile ua la vinka, la rangi ya waridi, linalopandwa mbele ya nyumba? Kwao ni Madagaska. Huko Kanada, Robert Noble na Charles Beer walipima majani yake yaliyotoka Jamaika, yakisifiwa kutibu kisukari. Sukari ya panya haikushuka. Zilizoshuka ni chembe nyeupe. Mwaka 1958 wakatangaza vinblastini, dawa ya saratani inayotumika hadi leo. Yaani mmea ulijulikana kuwa kemo kwa sababu ya kushusha damu! Basi anayekuchemshia majani kwa kukisia atajuaje kama yanapandisha au yanashusha? Halafu kuna ini: mimea mingine hulifanya liivunje dawa upesi kabla haijafanya kazi, mingine huichelewesha ikazidi mwilini.

Kitunguu saumu cha kwenye mchuzi hakina neno. Vidonge vyake ni habari nyingine, vinaweza kuzuia damu kuganda wakati chembe sahani, zile zinazogandisha damu, tayari ni chache. Mchicha, maharage, maini yaliyoiva sawasawa, kula. (Chai ya Tukuyu isubiri, ikinywewa na chakula huzuia chuma kufyonzwa.) Juisi mbichi ya barabarani iache kwanza, kwa ajili ya vijidudu.

“Homa ni dawa inafanya kazi.” Hapana. Nyuzi joto 38 kwa mtu wa kemo ni dharura ya saa hiyohiyo, si ya kumeza panadoli na kungoja basi la alfajiri. Anayekaa mbali na hospitali, kama Makete au Ileje, akubaliane na mwenye gari mapema, kabla siku ya 7 haijafika, na majani aliyokuwa akinywa ayabebe kwenye mfuko amwoneshe daktari.