Karamu ya Mwisho ya Leonardo: nani hasa aliyeiharibu?

Picha ya Yesu mezani na mitume wake, ile inayotundikwa sebuleni katika nyumba nyingi za Wakristo huku kwetu, ndiyo Karamu ya Mwisho ya mchoraji Leonardo da Vinci, na asili yake iko Milano, Italia, ukutani mwa bwalo la watawa Wadominikani wa Santa Maria delle Grazie. Yanayosemwa kuhusu kuchakaa kwake mengi si kweli.

Dhana: Imechakaa kwa sababu ya uzee.
Ilianza kuharibika Leonardo mwenyewe angali hai. Aliimaliza karibu mwaka 1498. Kufikia 1517 mgeni aliyeitembelea tayari aliandika kwamba inaharibika. Mafundi wa picha za ukutani walizoea kupaka rangi kwenye lipu ya chokaa ikiwa mbichi, vikakauka pamoja na kushikana. Kazi hiyo inataka haraka, na Leonardo hakuwa mtu wa haraka: alipenda kurudia, kuongeza, kufikiri tena. Akapaka juu ya ukuta mkavu. Unyevu ulipoingia, rangi ikaanza kubanduka magamba kwa magamba. Vasari, mwandishi wa maisha ya wasanii, alipoiona katika karne hiyo hiyo, aliona mabaka matupu.

Dhana: Walioiharibu ni askari wa Napoleon.
Ni kweli kwamba mwaka 1796 bwalo liligeuzwa zizi la farasi, na hilo halina utetezi. Lakini mwaka 1652 watawa wenyewe walikuwa wameshatoboa mlango chini ya picha, miguu ya Yesu ikaenda na kifusi.

Wanaoniuma zaidi ni waliokuja kuitengeneza. Bellotti, mwaka 1726, aliipaka upya karibu yote. Mwaka 1770 Mazza akakwangua rangi ya Bellotti na kuweka yake, hadi akasimamishwa. Mwaka 1821 Barezzi, akidhani ni picha ya lipu mbichi kama nyingine, alijaribu kuibandua ukutani. Akavunja sehemu, kisha akahangaika kuirudishia kwa gundi. Yaani dhana potofu yenyewe ndiyo iliyoivunja.

Dhana: Ni muujiza tu uliofanya mabomu ya 1943, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, yasiiguse.
Agosti mwaka huo paa na ukuta wa pembeni viliporomoka. Ukuta wenye picha ulikuwa umekingwa mapema kwa viroba vya mchanga na mbao. Waliovipanga wanastahili shukrani.

Dhana: Ukarabati umeirudisha kama ilivyokuwa.
Kuanzia 1978 hadi 1999 Pinin Brambilla Barcilon aliondoa rangi za watangulizi wake kipande kwa kipande, kwa hadubini. Pale ambapo rangi ya Leonardo haikupatikana, aliweka rangi hafifu ya maji, mtazamaji asidanganyike. Miguu haikurudi. Anayetaka kuiona atazame nakala ya Giampietrino, mfuasi wa Leonardo, iliyo mali ya Royal Academy, taasisi ya sanaa ya London. Humo hata chumvi aliyoimwaga Yuda inaonekana wazi.

Milano kwenyewe, wageni huingizwa kwa vikundi vidogo, dakika 15 tu, kwa sababu vumbi na unyevu wa pumzi bado ni hatari kwa rangi hiyo. Tiketi huisha mapema, basi anayepanga safari aweke nafasi kabla.