Je, wajua kwa nini wakala wa akili mnemba hukata tiketi ya saa isiyo yako?

Tuseme abiria wa Mombasa ameandika kwenye simu: "Nikatie basi la Nairobi kesho saa tatu usiku." Wakala wa akili mnemba, yaani programu inayosoma ombi la mtu kisha ikalitekeleza yenyewe, anaitikia na kuleta tiketi ya 03:00. Hiyo ni saa tisa usiku! Wengi wataishutumu akili mnemba kwamba haijui Kiswahili. Mara nyingi, hata hivyo, kosa limelala kwenye sentensi moja fupi iliyoandikwa na mtu aliyemtengeneza wakala.

Modeli ya lugha, yaani akili mnemba iliyo ndani ya wakala, haiwezi kuingia kwenye mfumo wa tiketi wala kuhesabu viti. Kazi yake ni kuzalisha maandishi. Kwa hiyo mtengenezaji huipa orodha ya zana, na kila zana ina jina, maelezo na sehemu za kujaza. Modeli huisoma orodha, huchagua zana inayoona inafaa, kisha huandika ombi lililojazwa, kwa kawaida katika muundo wa JSON, yaani maandishi yaliyopangwa kwa majina na thamani zake ili kompyuta iyasome. Programu ya kawaida ndiyo hupokea ombi hilo, hufanya kazi na kurudisha jibu. OpenAI iliwafungulia watengenezaji wa programu njia hii Juni 2023. Novemba 2024 Anthropic ikatoa Model Context Protocol, utaratibu ulio wazi kwa wote, ambao huwezesha zana iliyoandikwa mara moja kutumiwa na mawakala wa kampuni mbalimbali.

Katika mpangilio huu, modeli haioni msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, ulio ndani ya zana. Hata ukiwa umeupanga vizuri namna gani, wakala anajua yale tu uliyomwandikia. Kama maelezo yanasema "Hutafuta basi" na sehemu ya kujaza inaitwa "saa", basi tatu ni tatu, na mengine anakisia.

Sasa tazama maelezo haya ya zana ya ofisi ya mabasi pale Mwembe Tayari:

"Hutafuta safari za basi zinazoanzia Mwembe Tayari. Saa ijazwe kwa mfumo wa saa 24, saa za Afrika Mashariki: 09:00 ni saa tatu asubuhi, 21:00 ni saa tatu usiku. Mteja asipotaja asubuhi, mchana au usiku, muulize kwanza. Zana hii haikati tiketi wala haishiki kiti."

Mifano miwili ya saa inatosha kumwonyesha wakala kanuni nzima. Lakini sentensi ninayoithamini zaidi ni ile ya kuuliza. Mabasi ya Nairobi hutoka asubuhi na usiku pia, kwa hiyo "saa tatu" pekee haimtoshi hata karani aliyezaliwa Majengo. Karani huuliza. Wakala naye ataelekea kuuliza iwapo umemwambia kwamba kuuliza ni sehemu ya kazi.

Siku nayo ina mtego wake. Kwa desturi ya Waswahili siku huanza jua likizama, hivyo mzee wa Mji wa Kale akisema "usiku wa Ijumaa" huenda anakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kwenye kalenda ya kompyuta bado ni Alhamisi. Tiketi itakosea siku nzima. Maelezo yalitaje hilo, na yamtake wakala ahakikishe tarehe na mteja kabla ya kuendelea. Tarehe yenyewe ijazwe mwaka kwanza, mwezi, kisha siku, kwa sababu 05/06 kwetu ni tarehe 5 Juni ilhali Marekani ni Mei 6. Na "kesho" haina maana kwa modeli mpaka ipewe tarehe ya leo. Haina kalenda kichwani.

Ukiwa na basi la Dar es Salaam, andika pia nauli ni shilingi za nchi gani. Shilingi moja ya Kenya ni zaidi ya kumi za Tanzania.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye zana zinazofanana. "badilisha_tiketi" na "futa_tiketi" ziko karibu sana machoni pa modeli, hasa abiria akiandika "siwezi kusafiri leo." Kila moja iseme lini isitumike. Ya kufuta itamke wazi kwamba kiti kikiachiwa hakirudi, na kwamba mteja anayetaka siku nyingine apelekwe kwenye ile ya kubadilisha. Hapa sioni sababu ya kubana maneno.

Kwingineko, bana. Maelezo yote huingia kwenye nafasi ya kusoma ya modeli pamoja na mazungumzo, na hugharimu tokeni, yaani vipande vya maneno ambavyo modeli husoma, hata zana isipotumika. Kiswahili kwa kawaida hula tokeni nyingi kuliko Kiingereza kwa ujumbe uleule, kwa hiyo wengine huandika maelezo kwa Kiingereza. Si vibaya, mradi semi za wateja zibaki kama zinavyosemwa: "saa tatu usiku", "kesho kutwa", "ng'ambo ya Likoni".

Usisahau ujumbe wa kosa. "Ombi batili" haumsaidii wakala hata kidogo. "Hakuna safari ya 03:00, zilizopo ni 09:00 na 21:00" humrudisha kwenye mstari, kwa sababu jibu la zana nalo husomwa kama maandishi mengine.

Kisha jaribu kwa maneno ya watu halisi. Chukua jumbe za wateja, ufiche majina na namba zao za simu, uzipitishe pamoja na vifupisho na makosa yake yote ya tahajia, halafu usome wakala aliita zana gani na alijaza nini kila mahali. Akijaza 03:00, anza na sentensi inayoeleza sehemu ya saa.