Msichana aliyeuhamisha mkoba: chuki tunazaliwa nayo au tunafundishwa?

Mwezi uliopita nilikuwa ndani ya taksi ya Bombo, zile za abiria 14, tumekwama Kawempe, hapa Kampala, Uganda, kwenye foleni. Simu ikaita. Alikuwa mama, na mama huwa tunaongea Kiswahili, basi nikapokea: "Shikamoo mama, nipo njiani." Msichana aliyekaa kando yangu akauchukua mkoba wake uliokuwa kati yetu, akaupeleka upande wa dirishani. Hakugeuka kunitazama. Ni mkono tu uliokwenda wenyewe.

Kazi yangu katika taasisi yetu ni saikolojia ya jamii, yaani kuzunguka mashuleni, redioni na kwenye mikutano ya vijiji tukizungumza juu ya watu wanavyoishi pamoja na wanavyoshindwa. Kwa hiyo sikukasirika, nilipata hamu ya kujua. Nikamuuliza kwa Luganda, kwa utani, kama nafanana na mwizi. Akaona haya. "Samahani ssebo (bwana), nilidhani wewe ni mwanajeshi." Kwetu Uganda, Kiswahili kwa miaka mingi kilijulikana kama lugha ya jeshi. Amezaliwa 2003. Jjajja wake, bibi mzaa mama, alikuwa Luweero, kaskazini mwa Kampala, wakati wa vita ya serikali na waasi ya miaka ya themanini, na aliwalea wajukuu kwa kanuni moja: Kiswahili kikisikika nje usiku, ingia chini ya kitanda.

Bibi ana haki yake. Waliokuwapo wanakumbuka operesheni zilizopewa jina la "panda gari", kwa sababu hayo ndiyo maneno yaliyosikika: askari wanazingira mtaa, wanawatoa watu majumbani, wanawaamuru wapande lori, na wengine hawakurudi. Mtu aliyeyaona hayo akisikia "panda" moyo unamruka, na hilo si kosa lake. Lakini mjukuu hajawahi kuamriwa kupanda lori lolote. Kiswahili amekisikia kwenye nyimbo na kwa wauza mitumba. Mkono wake ulijifunza wapi?

Swali hili, la kama chuki mtu huzaliwa nayo, huulizwa karibu kila ninapokaa studio. Wapigaji simu hugawanyika. Wapo wanaosema binadamu ana roho mbaya tangu tumboni, na wapo wanaosema mtoto ni malaika na wakubwa ndio waharibifu. Nionavyo mimi, wote wameshika kipande cha ukweli, ila wale wa malaika wamesamehe mno.

Tuanze na watoto wenyewe. Mwaka 2005 watafiti wa Uingereza walichapisha jambo zuri. Waliwaonyesha vichanga wa siku chache tu picha za nyuso za watu wa rangi mbalimbali, wakapima wanatazama wapi zaidi. Vichanga hawakubagua. Kufika miezi mitatu, walikuwa wanatazama zaidi nyuso zinazofanana na za watu wa nyumbani kwao. Mwaka uliofuata utafiti mwingine ukalinganisha watoto wa miezi mitatu wa Ethiopia, wa Israeli, na watoto wa Kiethiopia waliokuwa wakilelewa Israeli katikati ya watu wa rangi zote. Hawa wa mwisho hawakupendelea upande wowote. Jicho la mtoto linazoea kile linacholishwa, na linaanza mapema kuliko tunavyodhani. Ila kumtazama mtu kwa muda mrefu si kumpenda, wala kumtazama kidogo si kumchukia, na hapo baadhi ya wahubiri wetu huteleza.

Sasa upande usiopendeza. Mwaka 2013 watafiti wa Amerika Kaskazini walichapisha jaribio la watoto wa miezi 9 na 14. Mtoto alichagua chakula, biskuti au maharage mabichi. Kisha akaonyeshwa vikaragosi, kimoja kinachopenda anachopenda yeye, kingine kinachopenda kile kingine. Halafu vikaja vikaragosi vya tatu, vingine vikiwasaidia wenzao na vingine vikiwaonea. Watoto walimpendelea yule aliyemwonea mwenye ladha tofauti. Kwa ajili ya biskuti! Nikilisimulia hili mbele ya akina mama, husikika mguno ukumbini, kisha mmoja hucheka na kusema, "Daktari, hao ni wangu kabisa."

Kwa hiyo tunazaliwa na kitu. Tunazaliwa na wepesi wa kugawa watu, sisi huku na wale kule, na wepesi wa kuogopa tusichokizoea. Henri Tajfel, Myahudi mzaliwa wa Poland ambaye familia yake iliangamizwa na Wanazi, alilithibitisha hilo kwa wavulana wa shule mjini Bristol. Aliwaambia wamegawanywa kwa michoro waliyoipenda, kumbe ni bahati nasibu tu, kisha akawapa nafasi ya kugawa fedha kidogo. Waliwapendelea wa kundi lao, ambao hata hawakuwajua ni akina nani. Wakati mwingine walikuwa radhi wenzao wapate pungufu, ili mradi wale wengine wapate pungufu zaidi. Matokeo yalichapishwa 1970, na tangu hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba kubagua kunahitaji sababu kubwa.

Lakini huo bado ni upendeleo. Chuki ni jambo jingine. Woga hupita kama umeme na hutulia mara kitisho kikiondoka. Hasira humwambia mtu "acha ulichofanya". Chuki humwambia "ondoka", na haijali amefanya nini, kwa maana kosa lake ni kuwa alivyo. Kufika hapo unahitaji hadithi: wao ni akina nani, walitufanyia nini, kwa nini hawatabadilika kamwe. Hadithi hiyo haimo katika damu. Mtu lazima aisimulie.

Na hakuna mama anayemketisha mtoto akamwambia leo tunasoma chuki. Inafundishwa kwa vitu vidogo. Jirani akipita, sauti inashuka. Sufuria aliyoazima ikirudi, inasuguliwa mara mbili. Mtoto anauliza yule ni nani, na baba hataji jina, ananyoosha midomo tu kuelekea nyumba ile, kama tunavyoonyesha vitu hapa kwetu, na kusema "ni wa wale". Mtoto wa miaka mitano anaisoma ile midomo vizuri kuliko kitabu. Miaka kumi na tano baadaye, ndani ya taksi, mkoba unahama.

Wanasiasa nao hulijua somo hili. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, wakapewa siku 90. Alisema walikuwa wanamkamua ng'ombe bila kumlisha. Kilio cha wananchi kilikuwa na mizizi ya kweli, maana serikali ya kikoloni ndiyo iliyopanga nani alime pamba na nani amiliki kinu cha kuichambua. Chuki haikuutunga uchungu ule. Iliuchukua ikaupaka kila mwenye sura ile, hata karani, hata mwalimu, hata mtoto aliyezaliwa Jinja na asiyejua kwingine. Maduka yakagawiwa, na waliobaki tukaachiwa magendo na foleni za sukari na sabuni.

Je, inaondoka? Ndiyo, lakini si kwa mawaidha, nami nasema hivi nikiwa mtu ninayelipwa kutoa mawaidha.

Mwaka 1954 Muzafer Sherif, mzaliwa wa Uturuki, aliwapeleka wavulana 22 kwenye kambi ya Robbers Cave huko Oklahoma, Marekani. Walikuwa wa umri wa miaka 11 hivi, hawajuani, wamegawanywa makundi mawili. Wakashindanishwa kwa zawadi. Kwa siku chache tu walikuwa wanachomeana bendera na kuvamiana usiku. Sherif akajaribu kuwaleta pamoja kwa chakula na sinema. Wakarushiana chakula! Kilichowabadilisha ni maji. Maji ya kambi yalikatika, ikabidi wote wapande kuangalia tangi na bomba. Siku nyingine lori la kuleta chakula likagoma kuwaka, wakalivuta kwa kamba ileile waliyokuwa wakishindania kuvuta. Shida hizo zilipangwa na watafiti, lakini jasho lilikuwa la kweli. Mwishoni waliomba kurudi nyumbani kwa basi moja.

Hadithi hiyo husimuliwa sana. Isiyosimuliwa ni ya mwaka uliotangulia, 1953, ambapo Sherif alijaribu jambo hilohilo katika jimbo la New York na likamshinda. Safari hiyo wavulana waliachwa wakawa marafiki kwanza, kisha ndipo wakatenganishwa. Waliochokoza walikuwa watu wazima, na watoto wakawashtukia. Walikataa kuchukiana. Mimi hilo jaribio lililoshindwa ndilo ninalolipenda zaidi.

Kuna na utafiti uliofanyika jirani zetu Rwanda, uliochapishwa 2009, juu ya mchezo wa redio wa upatanisho. Waliousikiliza kwa mwaka mzima hawakubadilika sana katika imani zao za moyoni. Walichobadilisha ni fikra zao juu ya kile ambacho watu wengine wanakiona kuwa sawa, na wakaanza kutenda kulingana na hicho. Kwa maneno mengine, si lazima umngoje jirani yako atakasike moyo. Inatosha kwanza aone kwamba mtaa mzima umeacha kucheka utani ule.

Ndiyo maana sina haraka ya kushangilia uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022, kwamba Kiswahili kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Naupenda, ni lugha yangu. Lakini mwaka 1973 Amin naye alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na amri haikukipendezesha. Mwalimu atakayewachapa watoto viboko kwa kukosea ngeli atakuwa anaithibitisha hadithi ya bibi wa Luweero.

Na kwa yule bibi mwenyewe? Kumwambia asahau ni kumtukana. Waacholi wa kaskazini wana mato oput, kunywa uchungu wa mti wa oput, kwa ajili ya mauaji kati ya koo. Kabla ya kunywa, ukoo wa mkosaji unakiri na unalipa fidia, na mazungumzo yanaweza kuchukua muda mrefu. Ndipo pande mbili zinapokunywa kutoka kibuyu kimoja. Vijana hukiona kibuyu na kusema "wamesameheana". Mimi hutazama kilichotangulia.

Nimalizie na kijiji kimoja karibu na Bweyale, huko Kiryandongo, ambako wenyeji, wakimbizi wa Sudan Kusini na familia zilizohamishwa kutoka Bududa, mashariki mwa nchi, baada ya maporomoko ya ardhi ya 2010 si watu wa kutafutwa mbali. Pampu yao ya mkono ilikuwa moja na foleni za jerikani zilikuwa mbili, kila upande unadai wa kwake ndio wa kwanza. Siku moja mnyororo wa ndani ukakatika, pampu ikalala majuma mawili. Fundi alitaka pesa ambazo hakuna upande ulioweza kuzitoa peke yake. Ikaundwa kamati ya maji, mweka hazina kutoka huku, mwenye ufunguo kutoka kule, na daftari moja. Kikao kiliendeshwa kwa Kiswahili kilichovunjika vipande vipande, maana hiyo ndiyo lugha ambayo wote waliiongea vibaya kwa usawa.

Nilirudi pale kiangazi kilichopita, nikakuta ugomvi. Nikasikitika, nikasogea kusikiliza. Mama mmoja alikuwa amefungua daftari juu ya jerikani iliyopinduliwa, anapigia kidole mstari mmoja baada ya mwingine, anasoma kwa majina wasiolipa mchango wa mwezi. Wa kwanza kutajwa alikuwa shemeji yake.